Korea Iliyopita Durban: Hivi Kweli Tulikuwa Sawa?



Nimekaa kimya muda mrefu, leo naomba mnivumilie maana nililonalo ni refu kidogo. Chanzo chake ni swali la kijana mmoja wa kwetu, mtu wa Morogoro, anayetengeneza simu hapa mjini upande wa Warwick, pale kwenye masoko na stendi za teksi. Mwaka 2015, zile siku za Aprili wageni walipokuwa wanafukuzwa na kupigwa, meza yake ilivunjwa na simu za wateja zikaenda nazo. Akakopa, akaanza upya. Jumamosi moja nikampelekea Samsung yangu ya siku nyingi iliyokuwa haishiki chaji. Huku akiifungua akaniuliza: "Mwalimu, eti ni kweli wakati wa uhuru sisi na hawa Wakorea tulikuwa sawa? Maana nimesikia mbunge anasema. Sasa kama tulikuwa sawa, mimi nafanya nini hapa?"

Nilimjibu mawili matatu ya haraka haraka, nikalipa, nikaondoka. Lakini nilijua nimemkimbia. Swali lile tunalisikia kila mahali, Nairobi, Dar, Kampala, kwenye hotuba, kwenye magazeti, hata kwenye vijiwe vya kahawa: mwaka 1961, mwaka 1963, Korea Kusini ilikuwa maskini kama sisi, angalia leo. Na linasemwa kwa namna ya fimbo. Mwenye kulisema anataka usikie aibu, basi. Haelezi kitu.

Mimi nataka kulijibu kutoka mji huu huu, kwa sababu Durban, kwa bahati tu ya kuwa bandari na mji wa mikutano, imekutana na Korea mara nne ambazo ukizipanga zinasimulia habari nzima. Jibu langu kwa ufupi ni hili: tulikuwa sawa mfukoni, lakini hatukuwa sawa katika yale yanayojaza mfuko. Na Wakorea walipojaza mfuko wao, walilipa bei ambayo wanaotuchapa kwa fimbo hii hawaitaji kamwe.

Mara ya kwanza ni mwaka 1950. Tarehe 26 Septemba mwaka ule, meli ya Kiholanzi iitwayo Bloemfontein iling'oa nanga bandarini hapa ikiwa imebeba wanajeshi wa Kikosi cha Pili cha ndege cha Afrika Kusini, kwenda Japani na kutoka huko kuingia vitani Korea. Vita ilikuwa imeanza tarehe 25 Juni, Kaskazini ilipovuka mpaka wa kuchora kwa rula, ule wa nyuzi 38 uliowekwa na Wamarekani na Warusi mwaka 1945. Serikali ya Malan ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kupitisha sheria zake za ubaguzi, na waliopanda meli ile walikuwa Wazungu wa kujitolea. Hadi vita inasimama tarehe 27 Julai 1953, walikuwa wamepita huko watu 826 wa kikosi kile, na marubani 34 hawakurudi. Kutoka bara letu nchi nyingine iliyopeleka askari ni moja tu, Ethiopia ya Haile Selassie, na askari wake wa Kagnew wanaheshimiwa Korea mpaka leo.

Kwa hiyo picha ya kwanza ni hii: Durban inapeleka msaada, Korea inapokea. Mji wa Seoul ulibadilisha mikono mara nne katika miezi michache. Mamilioni walikufa. Daraja, kiwanda, reli, vyote chini. Mtu angekwambia mwaka 1953 kwamba nchi ile itakuja kujenga daraja Dar es Salaam, ungemwona hana akili timamu.

Hapa ndipo wenye fimbo wanapoanzia hesabu zao. Wanasema: mnaona? Walianza na majivu. Ni kweli, pato la Mkorea mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa chini ya dola 100 kwa mwaka, na sisi tulikuwa humo humo. Lakini jamani, majivu yale yalikuwa na vitu chini yake.

Cha kwanza ni ardhi. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na katika miaka ile wakulima wengi walikuwa wapangaji kwenye mashamba ya watu, wakitoa nusu ya mpunga wao au zaidi kama kodi. Baada ya Mjapani kuondoka, na hasa kwa kuogopa kwamba Kaskazini imeshagawa ardhi bure, serikali ya Kusini ilipitisha sheria mwaka 1949: hakuna kumiliki shamba la zaidi ya kama hekta tatu. Mwenye nazo nyingi alinunuliwa kwa hati za serikali, na mkulima aliyepewa alilipa kidogo kidogo kwa mavuno yake, asilimia 30 kwa mwaka kwa miaka mitano. Hati zile vita na mfumuko wa bei vilizigeuza karatasi tu. Tabaka la wenye mashamba likafa bila hata kuzikwa.

Watu wa Zanzibar mtaniambia: hata sisi tuligawiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi. Kweli kabisa, na inafaa kulinganisha. Lakini Unguja mkulima alipewa eka huku karafuu yake ikiendelea kununuliwa na serikali peke yake kwa bei ya serikali. Mkorea alipewa shamba na juu yake akawa na kitu cha kumsomeshea mtoto. Na Kenya ndiyo kabisa, maana pale ardhi ya Wazungu ilinunuliwa kwa mikopo na haikuwekewa kikomo. Mwenye nguvu alichukua alivyoweza, na kesi zake bado tunazo.

Cha pili ni shule. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, kabla ya kiwanda chochote cha maana, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa Korea Kusini walikuwa shule ya msingi. Sisi Tanzania mpango wa elimu ya msingi kwa wote tuliuanza rasmi mwaka 1977. Siwalaumu wazee wetu. Mkoloni Mwingereza alituachia wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika, na Nyerere alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho. Nasema tu kwamba mwaka 1961 mtoto wa Tabora na mtoto wa Daegu walikuwa na njaa moja, ila mmoja alikuwa darasani.

Na cha tatu, ambacho sisi watu wa Kiswahili ndicho kingetuuma zaidi: darasani alikuwa anafundishwa kwa lugha gani? Kikorea. Wajapani mwishoni mwa utawala wao walikipiga marufuku mashuleni, wakawalazimisha watu hata kubadili majina, na mwaka 1942 wakawakamata wanaisimu waliokuwa wanaandaa kamusi ya Kikorea. Wawili kati yao walifia gerezani. Ndugu zangu, watu walikufa kwa ajili ya kamusi! Uhuru ulipokuja, hakuna aliyeuliza kama Kikorea kinafaa kufundishia fizikia. Kilifundishia, basi. Sisi tuna lugha iliyovuka makabila zaidi ya 120, na mtoto akifika kidato cha kwanza tunamnyang'anya. Halafu tunasema tulikuwa sawa.

Tuje sasa kwenye miaka ya 1960. Tarehe 16 Mei 1961 Jenerali Park Chung-hee alipindua serikali. Mwaka uliofuata akaanza mpango wa kwanza wa miaka mitano. Hapa tusidanganyane, mipango hata sisi tulikuwa nayo. Tofauti ilikuwa katika kipimo. Park aliwapa wenye makampuni mikopo ya bei rahisi na kuwalinda na bidhaa za nje, lakini kila mwezi aliwakalisha na kuwauliza: umeuza nje kiasi gani? Anayeuza anaongezewa, asiyeuza ananyimwa. Mwezi Novemba 1964 mauzo ya nje yalifika dola milioni 100, wakafanya siku ile kuwa sikukuu. Waliuza nini? Nguo, mbao za kubandika, na nywele za bandia. Wanawake wa mashambani walikata nywele zao zikashonwa kuwa mawigi ya kuuza Marekani. Mwaka 1977 mauzo yakafika dola bilioni 10.

Na waliuza watu pia, tuseme ukweli. Kuanzia 1963 walipeleka Ujerumani Magharibi wachimba makaa karibu 8,000 na wauguzi zaidi ya 10,000, wengine wakiwa na shahada zao wakashuka mashimoni. Walipeleka Vietnam askari zaidi ya 300,000 kati ya 1964 na 1973, na Marekani ililipa. Mwaka 1965 Park alirudisha uhusiano na Japani kwa dola milioni 300 za bure na milioni 200 za mkopo, wanafunzi wakaandamana wakisema ameuza damu ya wazee wao. Na soko la Marekani lilikuwa wazi kwao kwa sababu walikuwa mstari wa mbele dhidi ya Wakomunisti. Sisi hatukuwa na soko la namna ile. Tulikuwa na mkonge na kahawa, na bei ilipangwa London na New York.

Kuna mambo mawili ya wakati ule ambayo kila nikiyafikiria yananikosesha usingizi, kwa jinsi yanavyofanana na ya kwetu.

La kwanza ni chuma. Korea walitaka kiwanda cha chuma, Benki ya Dunia ikasema hakifai, na makampuni ya Magharibi yakajitoa. Wakachukua sehemu ya fedha za Japani wakajenga Pohang. Sasa kumbuka TAZARA. Benki hiyo hiyo, jibu hilo hilo, nasi tukaenda China, na kati ya 1970 na 1975 reli ya kilomita 1,860 ikajengwa. Kwa hiyo si kweli kwamba wao walithubutu na sisi tuliogopa. Tulithubutu wote. Lakini Pohang kilikamilika awamu ya kwanza tarehe 3 Julai 1973 kikiwa na wateja wanaokingoja mlangoni, viwanda vya meli na magari. TAZARA ilifika Kapiri Mposhi, ikakuta shaba inayoanza kuanguka bei.

La pili ni vijiji. Mwaka 1970 Park alianzisha kampeni yake ya kijiji kipya. Kila kijiji, na vilikuwa zaidi ya 33,000, kilipewa mifuko 335 ya saruji. Hawakuambiwa wahame, waliambiwa: kaeni, amueni wenyewe mtaitumiaje. Mwaka uliofuata vijiji kama nusu, vile vilivyofanya kitu cha kuonekana, viliongezwa mifuko 500 na tani moja ya nondo. Vilivyolala havikupata. Miaka ile ile, kuanzia mwishoni mwa 1973, sisi tulikuwa tunahamisha watu kwa malori kuwapeleka vijiji vya ujamaa, wengine nyumba zao zikichomwa wasirudi. Mie nilikuwa mdogo lakini naukumbuka moshi. Park alikuwa dikteta, hilo halina ubishi, na kampeni yake nayo ilikuwa na shuruti na propaganda. Lakini katika jambo hili moja dikteta wa kijeshi alimwachia mkulima nafasi ya kuamua kuliko sisi tuliojiita wajamaa.

Na sasa Durban, mara ya pili. Tarehe 3 Julai 1974, mwaka mmoja kamili tangu sherehe ya Pohang, askari wa cheo cha chini wa jeshi la Korea aitwaye Hong Soo-hwan alipanda ulingoni West Ridge Park hapa Durban kumkabili bingwa wa dunia wa uzito wa bantamu wa chama cha WBA, Arnold Taylor, kijana wa Johannesburg. Hong alizaliwa Mei 1950, mwezi mmoja kabla ya vita. Alifika baada ya safari ya kubadilisha ndege na ndege, katika nchi ambayo yake haikuwa na ubalozi nayo wala isingekuwa nao hadi Desemba 1992. Afrika Kusini ya wakati ule ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusu Mweusi na Mzungu kupigana ulingo mmoja, Desemba 1973. Na mji wenyewe, mnajua, ulikuwa na vitabu vyake vya rangi. Wale ndugu zetu wa Chatsworth wanaoitwa Wazanzibari, wajukuu wa watumwa waliokombolewa baharini na kushushwa hapa kuanzia 1873, wengi wao wakiwa Wamakua kwa asili, serikali ilishindwa iwaweke wapi ikaishia kuwaandika kuwa Waasia wengineo. Katika mji huo, Mwasia mwenyewe hasa alimwangusha bingwa Mzungu mara nne akashinda kwa pointi baada ya raundi 15.

Huko kwao watu walikuwa wamekesha na redio. Alipounganishwa kwa simu na mama yake akamwambia amekuwa bingwa, na sauti ile ya mama na mwana ikarushwa hewani. Mkorea yeyote wa umri ule atakusimulia mahali alipokuwa. Siku tano kabla yake, tarehe 28 Juni, kiwanda cha meli cha Hyundai pale Ulsan kilikuwa kimefanya sherehe ya meli zake mbili za kwanza za mafuta, zilizoundwa huku kiwanda chenyewe kikiendelea kujengwa. Nchi nzima ilikuwa katika hali ile ya bondia mwenye njaa: hana cha kupoteza, na anarusha tu.

Lakini kuna mama mwingine. Wakati redio inapiga kelele za Durban, Korea ilikuwa chini ya katiba ya Yushin ya mwaka 1972 iliyompa Park urais usio na mwisho, na mwaka ule ule wa 1974 zilitoka amri za hatari za kumfunga yeyote anayeikosoa. Miaka minne nyuma, tarehe 13 Novemba 1970, fundi wa nguo wa miaka 22 aitwaye Jeon Tae-il alijimwagia mafuta na kujichoma moto mbele ya Soko la Amani jijini Seoul, pamoja na kitabu cha sheria ya kazi. Alikuwa ameandika barua, amehesabu masaa ya wasichana wanaoshona kwenye vidari ambavyo huwezi hata kusimama wima, wengine wakiwa na miaka 13 au 15, na hakuna ofisi iliyomsikiliza. Sheria ilikuwepo, ndiyo maana aliichoma. Mama yake, Lee So-sun, alichukua kazi ya mwanawe akaifanya miaka 40 iliyofuata, akikamatwa na kufungwa, mpaka alipofariki Septemba 2011.

Sasa jiulizeni, Durban yenyewe ilikuwa wapi? Januari 1973, mwaka mmoja na nusu kabla ya ngumi za Hong, wafanyakazi wa kiwanda cha matofali cha Coronation waligoma hapa hapa, wakafuatwa na wa viwanda vya nguo, wa bandarini, wa manispaa, Waafrika na Wahindi pamoja. Mpaka mwaka unakwisha walikuwa wamegoma watu wapatao 100,000. Walichokuwa wanakidai kilikuwa kile kile alichokufa nacho Jeon Tae-il: mshahara wa kumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Mshona nguo wa Durban na mshona nguo wa Seoul walikuwa ndugu, hawakujuana tu. Na wote wawili walikuja kushinda, kwa namna yao. Vyama vilivyozaliwa na migomo ile ya Durban vilikuja kuwa mgongo wa kuuvunja ubaguzi. Korea nako ilikuwa hivyo hivyo: Gwangju mwaka 1980, ambako jeshi liliua raia wake, kisha maandamano ya Juni 1987 na migomo ya kiangazi kile, mpaka majenerali wakakubali uchaguzi.

Hili ndilo ambalo wenye fimbo hawalisemi. Wanatuambia Korea iliendelea kwa sababu watu walinyamaza wakafanya kazi. Si kweli! Waliendelea wakifanya kazi bila kunyamaza. Wangenyamaza, mali ile ingebaki kwa familia chache na jenerali mmoja.

Mara ya tatu ni tarehe 22 Juni 2010, Kombe la Dunia, uwanja wa Moses Mabhida. Korea Kusini na Nigeria. Sisi Waafrika wote tuliokuwa mji huu tulikuwa Wanigeria siku ile. Nigeria walitangulia kwa goli la Kalu Uche, Korea wakarudisha kwa Lee Jung-soo, wakaongeza kwa Park Chu-young, na Yakubu akasawazisha kwa penalti, yule yule aliyekuwa amekosa goli tupu ambalo hata mie na kitambi changu ningefunga. Mbili mbili. Korea wakapita hatua ya pili, kwa mara ya kwanza nje ya ardhi yao. Matangazo ya Hyundai na Kia yalizunguka uwanja mzima. Na miezi michache nyuma, Novemba 2009, Korea ilikuwa imekubaliwa kuingia kamati ya nchi wafadhili ya OECD, nchi ya kwanza iliyowahi kuishi kwa misaada kuhamia upande wa watoaji. Wale waliopelekewa meli kutoka hapa mwaka 1950 sasa walikuwa wadhamini wa sherehe zetu.

Ya nne ni tarehe 6 Julai 2011, jumba la mikutano la Durban, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ikichagua mwenyeji wa michezo ya majira ya baridi ya 2018. Pyeongchang walikuwa wameshindwa mara mbili kwa kura chache, na Vancouver mwaka 2003, na Sochi mwaka 2007. Safari hii walishinda raundi ya kwanza tu: kura 63, Munich 25, Annecy 7. Rais Lee Myung-bak mwenyewe alikuja. Lakini mimi ninakumbuka watu wawili wengine katika ujumbe ule. Mmoja ni Lee Kun-hee, mwenyekiti wa Samsung, aliyekuwa amehukumiwa kwa kukwepa kodi na akasamehewa na rais Desemba 2009 ili aisaidie nchi kupata michezo ile. Pale kuna ule undugu wa serikali na makampuni makubwa, uliowajenga na ambao mpaka leo unawasumbua. Wa pili ni Toby Dawson, aliyehutubia wajumbe. Alizaliwa Busan, akapotea sokoni akiwa mtoto mdogo, akapelekwa Marekani kulelewa, akawa bingwa wa kuteleza kwenye theluji na kuishindia Marekani medali. Tangu vita inakadiriwa watoto kama 200,000 wa Korea wametolewa nje kulelewa na wageni. Siku Korea inapokea zawadi yake kubwa hapa Durban, aliyeiombea ni mmoja wa watoto waliotolewa.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kujua bei yao, iangalie Durban. Fundi aliyeungua, mama wa gerezani, mchimba makaa mwenye shahada, mtoto aliyepotea sokoni. Haya yote yamo ndani ya ile simu ya Samsung niliyompelekea kijana wangu.

Hadithi ya viwanda vya nguo vya Durban haikuishia vizuri. Baada ya 1994 ushuru ulishushwa haraka, nguo za Asia, hasa za China, zikafurika, na watu kwa maelfu wakapoteza kazi. Walioondoka kwenye cherehani wengi wao, au watoto wao, ndio tunaogombania nao hii njia ya Warwick. Aliyevunja meza ya kijana wangu mwaka 2015, sishangai akiwa mtoto wa mshona nguo. Simtetei, nasema tu hasira ile nayo ina historia yake.

Na kwetu Wakorea wamefika. Daraja la Tanzanite lililofunguliwa Machi 2022 ni mkopo wa Korea na mkono wa Korea. Treni za umeme za reli yetu mpya zimetoka kwa Hyundai. Juni 2024 Rais Samia alikuwa Seoul kwenye mkutano wa Korea na Afrika, na mkopo wa dola bilioni 2.5 ukatiwa saini. Si vibaya, wao wenyewe walikopa. Ila walipokopa walijua kitu kitakachotoka upande wa pili, na walikuwa na watu waliosoma kwa lugha yao wanaoweza kuifungua mashine ya mgeni, kuitazama, na mwaka wa tatu kuunda yao. Hilo ndilo swali la kuwauliza viongozi wetu badala ya kusikia aibu: mkopo huu unamfundisha nani, na kwa lugha gani? Wakorea wenyewe wanafundisha Kiswahili chuo kikuu huko kwao tangu miaka ya 1980. Wameona kina thamani. Sisi bado tunabishana.

Wiki iliyopita nilirudi kwa kijana. Nilimweleza haya, kwa ufupi, amesimama anahudumia watu. Nilipofika kwa wachimba makaa wa Ujerumani akanikatisha: "Kwa hiyo na wao walikuwa kama mimi." Nikamwambia ndiyo, kama wewe kabisa, tofauti ni kwamba nchi yao ilijua kila shilingi waliyoituma imekwenda wapi. Akafikiri kidogo. Halafu akasema, "Basi mtu asiniambie tulikuwa sawa. Aniambie hela yangu imekwenda wapi."

Mimi profesa mzima sikuwa na la kuongeza. Mwenye jingine aongeze, na penye makosa nisahihishwe, niko tayari.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Durban